Mimi Sinywi Pombe, Lakini Meli Inataka Nilipie Kadi ya Vinywaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Naishi Houston, Texas, mwaka wa 17 sasa. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mume wangu anaendesha lori. Tuna watoto wawili, mkubwa anaingia chuo mwakani.

Novemba hii tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Kwenye kikundi chetu cha kusaidiana tuko familia nne za Kitanzania, na ikaonekana kwamba badala ya kukodi ukumbi na kupika pilau ya watu 200, safari hii tupande meli ya kitalii, mume na mke, bila watoto. Meli inaondoka Galveston Jumapili jioni, inapita bandari za Costa Maya, Roatán na Cozumel, inarudi Jumapili inayofuata asubuhi. Tiketi zetu mbili nimezilipa mimi kidogo kidogo tangu Januari, sehemu kubwa kwa ovataimu za usiku. Silalamiki. Nilitaka mwenyewe.

Ugomvi umeletwa na kadi ya vinywaji. Unalipa mapema, ukiwa ndani ya meli unaonyesha kadi yako ya chumba baa yoyote, unakunywa bila kutoa hela tena. Bei tuliyopewa ni dola 70 kwa siku kwa mtu mmoja, na juu yake asilimia 18 ya huduma. Unalipia siku zote 7, huwezi kuchagua siku. Nilikuwa tayari kumlipia mume wangu kama zawadi. Nilipoingia kwenye akaunti yetu kununua, mtandao ukakataa. Sharti ni kwamba mtu mzima mmoja chumbani akinunua kadi ya pombe, na mwenzake lazima anunue.

Shangazi, mimi nimeokoka. Sijaonja pombe tangu mwaka 2009. Nikipiga hesabu, kadi mbili ni dola 1,156 na senti 40. Hizo ni pesa ninazomtumia mama yangu Marangu karibu miezi sita.

Nilimwambia mume wangu tuache, kila mtu alipie anachoagiza. Akanyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu akasema, "Mke wangu, unataka nikae baa nahesabu senti mbele ya wenzangu?" Wenzetu wawili wameshanunua, na wake zao wanakunywa kidogo; wa tatu bado, mke wake hanywi kama mimi. Akaongeza kwamba kadi yangu haitapotea, nitakuwa nachukua vinywaji na kumpa yeye. Hapo moyo ukanishtuka. Yaani mimi ndiye nipange foleni baa nikamchukulie mume wangu bia!

Yule mwenzangu mwingine asiyekunywa ana wazo lake. Anasema tubadilishe majina: kwenye karatasi mimi na yeye tuandikwe chumba kimoja, waume zetu chumba kingine wanunue kadi zao, halafu tukishaingia melini tubadilishane funguo. Anasema watu wengi wanafanya hivyo.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Miaka mitano iliyopita mume wangu aliambiwa na daktari kwamba presha yake imepanda vibaya na apunguze pombe. Wakati ule alikuwa anakunywa kila siku akiwa nyumbani. Alipunguza kweli, sasa ni Jumamosi tu, bia nne au tano, basi. Naogopa siku saba za pombe isiyo na mwisho. Naogopa pia kumwambia kwamba naogopa, kwa sababu atasema simwamini.

Je, hii kadi ina faida yoyote? Na kama haina, namwambiaje bila kuiharibu safari yenyewe?

Wako,
Asiyekunywa, Houston


Marahaba mwanangu, na hongera ya miaka 20.

Nianze kwa kukiri: mimi sijawahi kupanda meli kubwa kuliko ile ya kwenda Unguja, na nilikuwa nimeshika ukingo njia nzima. Lakini barua yako ilinifanya nisome masharti ya vinywaji ya kampuni tatu za meli kama mwanafunzi wa sheria, na sasa nayajua kuliko nilivyotaka.

Nimekusikia hivi. Unatakiwa ulipie kitu usichotumia ili mumeo apate anachotaka. Mumeo anaona ukikataa unamwaibisha mbele ya rafiki zake. Na chini kabisa ya barua, baada ya kunipa bei hadi senti 40, ndipo ukaitaja presha. Nitayagusa yote, ila kwa mpangilio wangu, na hesabu itatangulia kwa sababu ndiyo nyepesi.

Kadi moja kwa bei uliyopewa ni dola 82 na senti 60 kwa siku, huduma ikiwa ndani. Bia kwenye meli hizi huuzwa kama dola 8, ukiongeza asilimia 18 inakuwa dola 9 na senti 44. Mumeo angehitaji bia tisa kila siku ili kadi yake ijilipe. Akichanganya bia nne na kokteli tatu za dola 13, anafika palepale. Kwa mtu aliye likizo, anayeanza na kokteli kando ya bwawa saa sita mchana na kumaliza usiku wa manane, kiwango hicho si cha ajabu. Ni kingi, lakini wapo wanaokifikia, na kwao kadi ni nafuu ya kweli.

Shida ni kadi ya pili. Ukizijumlisha, ni dola 165 na senti 20 kwa siku. Kama wewe huchukui kitu, yeye peke yake anatakiwa anywe bia 17 na nusu kila siku ili pesa irudi. Kampuni ya Carnival, kwa mfano, ina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24, kwa hiyo huko hata akitaka hawezi. Halafu toa siku tatu za bandarini. Mkishuka Cozumel asubuhi mkarudi jioni, kadi haiwafuati kwenye baa za mjini, na siku hiyo imelipiwa vilevile. Ni kama bando la intaneti la siku: usiku ukiingia, ulichoacha kimekwenda.

Hapo ningependa nikuulize kitu. Umeiita kadi ya pombe, na barua nzima umeihesabu yako kuwa ni hasara tupu. Sivyo hasa. Kadi hiyo kwa kawaida hulipia pia soda, maji ya chupa, kahawa za maziwa, juisi na zile kokteli zisizo na kilevi ambazo mtu hujidekeza nazo likizoni. Ukinywa kahawa moja ya dola 5 na vinywaji viwili vya dola 8, umetumia karibu dola 25 kwa siku pamoja na huduma. Hazifiki 82, lakini si sifuri. Na kwa upande wa pili, maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida na maji ya limau hutolewa bure kwenye meli nyingi. Je, wewe ukienda hotelini unaagiza nini? Kama jibu ni chai ya rangi, basi kadi yako kweli itakaa bure.

Nikabahatisha. Mumeo bia sita kila siku, na hizo ni zaidi ya Jumamosi yake ya sasa, wewe kahawa yako na vinywaji viwili. Mkilipia kimoja kimoja, wiki nzima inakuja kama dola 570. Kadi mbili ni 1,156. Ukimwonyesha hesabu hiyo sidhani atabisha. Lakini sidhani pia kwamba ndicho anachobishania.

Mwanangu, umetoka Marangu, unajua mbege, ile pombe ya ndizi, inavyonywewa. Kata, kile kibuyu cha kunywea, inazunguka. Mtu hanywi chake akamaliza akaenda. Wanaume wetu walipofika Dar, na baadaye Houston, kata wakaiacha lakini raundi wakaendelea nayo: leo kwangu, kesho kwako, na kusema "weka kwangu" kuna utamu kuliko bia yenyewe. Mumeo aliposema hataki kuhesabu senti mbele ya wenzake, nadhani alikuwa anasema hivyo. Anaogopa zamu yake ya raundi ifike akiwa anatazama bei.

Sasa soma masharti ya kadi. Huruhusiwi kumpa mtu mwingine. Kinywaji ni kimoja kwa wakati mmoja, na mhudumu wa baa akiipitisha kadi mashineni anaona picha yako. Yaani kadi inaua raundi! Wanaume wanne wakikaa meza moja na kadi zao nne, kila mmoja anaagiza chake, hakuna anayemnunulia mwenzake. Hakuna wa kusema "weka kwangu". Sijui kama mumeo ameliona hilo. Huenda akilijua akasema bora, mzigo umeniondoka. Huenda akasema hii si starehe. Lakini hilo ndilo la kuzungumza naye, maana wote wawili mmekuwa mkigombana juu ya dola.

Kuhusu pendekezo lake la wewe kumchukulia vinywaji: usilifanye, na sababu yangu hapa haihusu dini. Ni kuvunja masharti waziwazi, na kampuni nyingi zimeandika kwamba zikikukamata zinafuta kadi bila kurudisha pesa. Baa ya melini wahudumu ni walewale siku saba. Mwanamke anayechukua bia kumi kwa siku na kuzibeba hadi meza ya pili, huku mkononi ana kikombe cha chai, siku ya tatu wanamjua kwa jina.

La kubadilisha majina ya vyumba ni kweli watu hulifanya. Wengine huwaambia watu wa mapokezi baada ya kuingia, wakatengenezewa funguo upya bila shida. Mimi linaniwasha kidogo kwa jambo dogo: orodha ya nani yuko chumba gani haikuwekwa kwa ajili ya baa. Mahali pa kukusanyika king'ora cha hatari kikilia hupangwa kwa chumba. Na matumizi ya wiki mara nyingi huangukia akaunti ya chumba, kwa hiyo mume wa mwenzako na mumeo wasipotenganisha wanaweza kuwa na bili moja usiku wa mwisho. Mnafahamiana vizuri kiasi hicho? Na wewe uliyeokoka, itakusumbua kuandikwa chumba usicholala? Nauliza tu. Mwingine halimgusi hata kidogo, na simlaumu.

Kabla ya ujanja huo ipo njia ambayo barua yako haikuitaja: simu. Mtandao hukataa kwa sababu umepangwa kukataa. Mtu anayepokea simu wakati mwingine ana ruhusa. Zipo kampuni ambazo ukieleza kwamba mmoja wenu hanywi kwa sababu ya imani au afya, humkubalia mwenye kunywa kadi kamili na mwenzake kadi ya vinywaji visivyo na kilevi, ambayo bei yake ni ya chini sana. Si haki yako, ni hiari yao, na anayepokea leo anaweza kukataa na wa kesho akakubali. Piga mara mbili. Uliza pia bei, kwa sababu bei za kadi hizi hupanda na kushuka kama za ndege, na ukinunua kabla ya safari mara nyingi unaweza kufuta na kununua tena zikishuka. Ukisubiri hadi uingie melini, kwa kawaida ni ghali zaidi.

Njia nyingine ni kumwekea salio. Kampuni nyingi zinaruhusu kuweka pesa kwenye akaunti ya chumba kabla ya kuondoka. Tuseme dola 400, ndiyo zawadi yake ya ndoa, anaitumia apendavyo, na raundi za wenzake zikiwemo. Hapo hahesabu senti, na hata "weka kwangu" anaisema. Hatari yake ni kwamba melini hakuna fedha taslimu, kila kitu ni kadi ya chumba, na salio likiisha kadi haikatai: inaendelea kuandika deni kimyakimya kwenye kadi yenu ya benki. Mkubaliane mtu wa kuangalia kila asubuhi, la sivyo utakuta bili chini ya mlango usiku wa mwisho na safari itaishia hapo. Na uliza kama kisichotumika hurudishwa.

Nije kwenye imani. Sitakuambia kama kulipia ni dhambi, sina kiti hicho. Ila nimejiuliza: bia za Jumamosi zinatoka akaunti gani? Kama mna akaunti moja, basi umekuwa ukizilipia miaka yote na amani imekuwepo. Basi labda kinachokuuma safari hii ni jina lako kuandikwa kwenye kadi, au ni kulazimishwa, au ni zile ovataimu. Hayo ni matatu tofauti. La kulazimishwa, mwenye kosa ni kampuni, si mumeo. La ovataimu, yeye anajua ulilala saa ngapi mwaka huu? Umemwambia, au ulilipa kimya ili iwe raha?

Na sasa presha. Umeandika kwamba ukimwambia unaogopa ataona humwamini. Inawezekana. Lakini tazama ulichokiandika wewe mwenyewe: daktari alisema, naye akapunguza, na miaka mitano ameshikilia Jumamosi yake bila mtu kumfunga. Huyo si yule wa zamani. Ukianza na hilo, kwamba umeona, kwamba hujawahi kumshukuru vizuri, sentensi ya hofu ikifuata inasikika tofauti. Hofu yako haina upuuzi pia. Kitu kilicholipiwa tayari humsukuma mtu akifukuze: "leo nimekunywa nne tu, bado tano zangu." Mtu wa Jumamosi tu akipewa siku saba za namna hiyo, anarudi nyumbani na mazoea yapi? Mimi sijui, wewe hujui, na yeye pengine hajui. Daktari wake anaweza kusema zaidi yetu kuhusu dawa anazotumia na pombe, na Novemba bado haijafika.

Kuna na jambo la kazi. Mnashuka Galveston Jumapili asubuhi, mnaendesha kilomita kama 80 hadi Houston. Anarudi kwenye lori lini? Sheria ya Marekani humkataza dereva wa lori kuingia kazini ndani ya saa 4 baada ya kunywa, na kikomo chake cha pombe kwenye damu akiwa barabarani ni asilimia 0.04, nusu ya 0.08 ya dereva wa gari dogo. Yeye anaijua kuliko sisi. Mwache aitaje mwenyewe, utashangaa jinsi madereva wanavyoipanga wiki yao kuizunguka. Huenda usiku wa mwisho ameshaupangia soda.

Zungumza naye mkiwa wawili, si kikundi kikiwepo, na si usiku ukitoka kazini. Ningeanza na swali moja tu: "Baba, ukijiona umekaa kwenye ile meli, unajiona unafanya nini?" Halafu unyamaze. Akisema bia, mna hesabu mkononi. Akisema yuko mezani na wenzake wanacheka, mna raundi na salio la kuzungumzia. Akisema yuko na wewe juu, meli inatoka Galveston na taa za mji zinabaki nyuma, mwanangu, hapo hata mimi nisingejua cha kukushauri, isipokuwa chai ya rangi ni bure.

Kuna kitu kimoja kidogo nilikaribia kukisahau. Kampuni nyingi huruhusu kila mtu mzima kuingia siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo, mililita 750, kwenye mzigo wa mkononi. Wewe nawe ni mtu mzima, una chupa yako kwa haki yako. Utambebea yeye, utabeba juisi ya zabibu, au hutabeba kitu, ni juu yako.

Niandikie mkirudi. Nataka kujua raundi ya kwanza ililipwa na nani.

Shangazi